Pale Panapotisha

Mselemu alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akampandisha na kumshusha kupima uzito, kisha akauliza kwa heshima yote anayostahili mtu aliyeleta jogoo: "Sasa mzee wangu, mimi nifanye nini?"

"Unyamaze," alisema Laurenti.

"Filamu nzima?"

"Pale msichana anapopanda mwamba, mpaka anapoanguka. Usiseme neno."

Lilikuwa ombi zito. Mselemu alikuwa na banda la video pale Shelui, nyuma ya maegesho ya malori, na hakuna filamu iliyowahi kupita mle bila yeye kuisemea kwenye kipaza sauti. Za Kichina alizitafsiri, za Kihindi alizitafsiri, na za Kiswahili akazitafsiri kwa Kiswahili, asije mteja akaachwa nyuma.

Hii aliisemea kuliko zote. Ilikuwa filamu ya kutisha ya vijana wa Iguguno, imepigwa kwenye miamba iliyo nyuma ya mashamba ya alizeti, na kwa maoni ya umma wa Shelui haikuwa na faida yoyote duniani. Pepo lilivaa shuka na raba. Ngumi hazikuwamo. Tena nyota mwenyewe, yule msichana, akishaanguka mwambani katikati ya hadithi hakuonekana uso tena. Kuanzia hapo alitembea mtu mwingine ndani ya gauni kama lile, amewapa watazamaji mgongo mpaka mwisho.

Mselemu alikuwa na maelezo: nyota kapata mchumba, kaacha kazi.

Laurenti alikuwa ameiona mara nyingi. Kila aliposikia itaonyeshwa, alipanda basi kutoka Iguguno, akakaa benchi la mbele, hacheki, hasinzii. Wakamwita Mtunzi. Hakukubali wala hakukataa.

"Kwani kwenu hawaionyeshi?" Mselemu alimuuliza, huku akimfunga jogoo mguu kwenye stuli.

"Iguguno hawaionyeshi."

"Unaona? Hata kwao wameikataa. Usiumie, mzee. Watu wa siku hizi wanataka bunduki."

"Sitaki waipende. Nataka waogope. Pale tu."

"Pale pana nini cha kuogopa? Mtu kaanguka."

"Nyamaza tu, mwanangu. Utaona."

Alasiri banda lilijaa madereva na matingo, wasaidizi wao wa malori. Benchi la pili alikaa Gervas, dereva mwenye kitambi na pakiti ya karanga, ambaye mle ndani alikuwa ndiye mahakama ya rufaa: akicheka, banda linacheka, akisonya, filamu imehukumiwa.

Mselemu alianza kazi yake kwa bidii. Pepo lilipotokea, alilitambulisha kama bibi harusi aliyeachwa na gari. Lilipokimbia, aliwaomba watazamaji walihurumie, raba zilikuwa za kuazima. Watu wakafuta machozi kwa kucheka. Laurenti alikaa kama aliyepelekwa kanisani.

Kisha msichana akaanza kupanda mwamba.

Mselemu aliinua kipaza sauti kwa mazoea, akamkumbuka jogoo, akakishusha mapajani.

Kwa mara ya kwanza banda lile likasikia upepo wa kwenye filamu, na vijiwe vikiporomoka chini ya miguu ya msichana. Mkono wa Gervas ulisimama njiani na karanga zake. Laurenti hakutazama kioo. Aligeuka palepale kwenye benchi, akawatazama watu usoni.

Mguu uliteleza. "Baba," aliita msichana, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Akaanguka.

Midomo ilikuwa wazi. Laurenti aliiona hofu ikiwaingia mmoja baada ya mwingine, naye akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Baba gani tena?" aliuliza Gervas. "Tangu filamu ianze, huyu hana baba."

Banda likapasuka. Tingo mmoja alianguka na benchi lake. "Rudisha," wakadai. "Rudisha pale anapoita baba."

Mselemu alimtazama Laurenti kwa huruma ya mfanyabiashara. Jogoo alikuwa wa kunyamaza. Kurudisha hakukuwamo katika mapatano. Akarudisha. Msichana alipaa kinyumenyume, akasimama juu ya mwamba mzima kabisa, akaita, akaanguka. Wakadai tena. Safari ya tatu banda zima lilimsaidia kuita.

Filamu ilipokwisha, Gervas alimkuta Laurenti barabarani anasubiri basi. Alikuwa mtu wa haki, huyo Gervas. Alimmiminia karanga kiganjani kabla ya kusema lolote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Usituchukie, Mtunzi. Filamu yako mbovu, sikufichi. Pepo gani linavaa raba? Lakini pale anapoanguka, nimepakubali. Sijaona filamu mtu akaanguka vile. Mara zote tatu natafuta kamba mliyomfunga, siioni. Mlifanyaje?"

Laurenti alizitazama karanga mkononi mwake kana kwamba hajui zinaliwaje.

"Sijui," alisema. "Mimi sikuwapo. Nilikuwa shambani napalilia alizeti, wakanikimbilia kuniita. Nilipofika, walikuwa wameshamfunika binti yangu."