Mvuke wa Bi Nashipae

Mhandisi Mwandawiro aliiweka kompyuta yake juu ya meza ya Bi Nashipae, kando ya bomba lililonasa mvuke uliofuka kutoka ardhini na kuupoza ukawa maji. Nyumba ile haikuwa na maji mengine.

"Hii ndiyo ardhi iliyo chini yetu, mama. Penye wekundu pana joto. Penye buluu pamepoa. Tukichimba visima vyetu vya mvuke wa umeme, joto litadumu miaka thelathini. Tazama."

Rangi zilitembea kwenye kioo, wekundu ukabaki wekundu. Bi Nashipae hakuzitazama rangi. Alimtazama yeye usoni.

"Na mvuke wangu uko wapi humo?"

"Ni mdogo mno, mama. Hatukuuingiza."

"Basi uingize. Au kompyuta yako hubagua wanyonge?"

Mhandisi alicheka, akabonyezabonyeza hadi nukta ndogo ya mvuke ule ikatokea pembeni mwa kioo, akaziendesha rangi upya. Safari hii kicheko kilimkauka. Kidole gumba chake kilitua juu ya nukta ile, kama cha mtu anayepumzisha mkono tu.

"Umeona? Hakuna tofauti." Kwa mkono wa pili alimsogezea hati ya kuridhia uchimbaji, pamoja na kidau cha wino. "Weka kidole gumba hapa, mama."

Bi Nashipae alikichovya kidole chake, akakishusha hadi karibu na karatasi, akakizuia hapo.

"Kiondoe chako kwanza, mwanangu."

Mhandisi hakuusogeza mkono. Maji yaliendelea kudondoka ndooni, na kuizunguka kucha yake, buluu ilikuwa imeanza kuchungulia.