Komeo la Oveni ya Bi Shadlia

Kichwa cha Wajdi kilikuwa ndani ya oveni. Miguu yake ilifika mlango wa jikoni, na Bi Shadlia alikuwa akiiruka kila alipofuata chumvi.

"Imekufa tena?"

"Haijafa, Bi. Komeo tu limegoma."

Mlango wa oveni haukushika. Ukiufunga, ulitulia kidogo, kisha ukajifungua polepole kama jirani anayechungulia. Bi Shadlia alikuwa ameuegemezea kiti ndipo akaweza kuoka tajini ya mayai na jibini iliyokuwa ikinukia mezani.

Wajdi alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo, ambayo mama yake aliitia fremu, na bisibisi moja. Kazi hakuwa nayo tangu ahitimu. Alichokuwa nacho ni majirani. Tangu arudi mjini Sfax na shahada yake, jengo lao zima lilikuwa kama limepigwa jicho baya. Leo bomba la Mabruka wa ghorofa ya pili linavuja, kesho mashine ya kufulia ya Haji Tijani, ghorofa ya juu kabisa, imegoma kuzunguka. Wajdi alivitengeneza vyote, kwa kiasi chake. Bomba sasa lilipiga mluzi. Mashine ilizunguka vizuri sana, ila ilitembea mpaka sebuleni. Kila kazi ilimbakizia skrubu moja, naye alizikusanya akijiambia kwamba wenye viwanda siku hizi ni watu wakarimu.

Pesa hakupokea. Alipokea chakula. Tangu baba afariki, mama yake alikuwa amerudisha kila sahani ya jirani iliyobisha hodi kwao. Lakini hizi alizokuja nazo mwanawe, bisibisi mkononi, alizifungua kwa raha. "Huu ni ujira wa fundi," alisema, "si sadaka."

Asubuhi hiyo Wajdi alikuwa amepigiwa simu. Kiwanda cha tende cha Tozeur, mbali kule jangwani, kilimtaka awe mhandisi wake, na kilitaka jibu kabla ya adhuhuri. Alikuwa hajamwambia mtu. Angeondokaje? Watoto wa Bi Shadlia wote walikuwa ng'ambo. Mjane huyu angebaki na nani, yeye na oveni inayoharibika kila wiki?

Basi akajiwekea ahadi. Akiupata ugonjwa wa komeo na kuukomesha moja kwa moja, ataenda Tozeur. Ukimshinda, atabaki.

Alianza na springi. Ilikuwa nzima. Bawaba zilikuwa zimenyooka, na mpira wa kuzunguka mlango ulikuwa bado laini. Kilicholegea ni kile kile cha siku zote: skrubu inayoishika ndoano ya komeo. Na wiki iliyopita aliikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ni joto, Bi," alisema kutoka ndani, sauti ikivuma kama ya imamu kwenye kipaza sauti kibovu. "Chuma kikipata moto hutanuka."

"Maskini," alisema Bi Shadlia. "Kama mimi."

Wajdi aliwasha taa ya simu na kusogea karibu zaidi. Bisibisi yake ilikuwa ya nyota. Juu ya kichwa cha skrubu kulikuwa na mikwaruzo mipya iliyonyooka, na kwenye mfereji wake kipande kidogo cha jibini.

Kisu. Kisu cha jikoni.

Alilala pale pale. Kumbe si joto. Mjane wa watu alikuwa akiilegeza skrubu kwa mkono wake mwenyewe, ili apate mtu wa kuketi naye na kula naye tajini. Na yeye, mhandisi mzima, alikuwa akimhubiria habari za chuma kutanuka! Alijiona mpumbavu, na hapo hapo akajiona mtu muhimu kuliko alivyowahi kujiona. Akainuka haraka, akagonga kichwa, akatoka na masizi puani.

"Bi, nisikilize. Nimepata kazi."

Mwiko ulisimama hewani.

"Iko Tozeur. Lakini usihofu, siendi. Nawapigia sasa hivi niwaambie wamtafute mwingine. Nitakuja hapa kila wiki, komeo liwe bovu au zima."

"Rudia," alisema Bi Shadlia. "Kazi gani?"

"Mhandisi. Kiwanda cha tende."

"Ya mshahara?"

"Ya mshahara. Lakini nimeshakwambia, Bi, moyo wangu hauniruhusu..."

Bi Shadlia alimpokonya simu na kuitumbukiza kwenye mfuko wa aproni.

"Hii utaipata ukiniahidi kwamba utawajibu ndiyo. Ukiwajibu hapana, wallahi nakufungia humo ndani ya oveni."

"Kwa komeo lipi, Bi?"

"Nitakaa mimi mwenyewe mlangoni! Ahidi!"

Wajdi aliahidi. Hakumwona mjane akilia, na hilo lilimshangaza kidogo. Alimwona akifuta mikono, akifungua mlango wa nyumba, akiinama juu ya ukingo wa ngazi na kupiga kigelegele kilichowarusha njiwa wa dirishani.

"Mabruka wee! Acha hilo bomba, usililegeze tena! Kijana kapata kazi!"

Ghorofa ya pili ilijibu kwa kigelegele, na ya chini ikapokea. Kisha kutoka juu kabisa ikashuka sauti nzito ya Haji Tijani, ikitetemeka kwa furaha:

"Alhamdulillahi! Basi sasa ruhusa kumwita fundi wa kweli?"