Picha ya Mwili Mzima

Katika ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, karani aliinyanyua picha ya Ashrafu hadi foleni nzima ikaiona.

"Mwanangu, fomu inataka picha ya mwili mzima inayoonyesha ulemavu. Hapa naona kijana mzima, tena shati limepigwa pasi."

"Nina usonji, mama," alisema Ashrafu, macho mezani. "Barua ya daktari hiyo. Naomba chumba cha peke yangu cha mtihani. Ukumbini kelele zinanizidi. Muhula uliopita nilitoka bila kuandika kitu."

"Barua nimeiona. Bila picha, fomu haipiti, na leo ndiyo mwisho."

Nyuma ya Ashrafu kwenye foleni, msichana mwenye magongo alimtania, "Kaka, nikuazime moja?"

Watu wakacheka. Ashrafu naye akacheka, maana hakujua auweke wapi uso wake.

Karani akatoa simu. "Haya, simama pale ukutani. Tuonyeshe."

Kwa miaka mingi Ashrafu alikuwa ameifundisha mikono yake kutulia mbele za watu. Hata mama yake mzazi alidhani ile tabia ilikwisha utotoni. Sasa aliinua mikono hiyo hadi kifuani, akaanza kuipunga harakaharaka, kama anavyofanya akiwa peke yake, mlango umefungwa kwa komeo.

Hakuna aliyecheka. Msichana wa magongo alitazama sakafu.

Karani alipiga picha, kisha akaichungulia simu yake.

"Imetoka na ukungu," alisema taratibu. "Mikono haionekani. Rudia, mwanangu."