Nyuzi za Ziada

Tangu ipite sheria ya nyuzi, yaani njia za mawasiliano baina ya ndugu, ndugu unayeweza kumfikia kupitia mwingine huruhusiwi kumpigia wala kumtembelea wewe mwenyewe. Mashine ilikata nyuzi zote za ziada, na hesabu yake aliitunga Dokta Salha.

Siku ya Arafa mama yake, Bi Mize, alikuwa akipanga maandazi kwenye sahani ya kumpelekea mdogo wake wa kike.

"Salha, mama yako mdogo kimya wiki ya pili. Kibibi haleti hata salamu."

Salha akafungua mchoro wa ukoo. Uzi wa mama mdogo ulipita kwa Kibibi tu, na Kibibi alikuwa amelazwa hospitalini. Nukta ya mama mdogo, ambayo huzimika mtu akifa, ilikuwa imezimika tangu siku tisa zilizopita.

"Mama... ameshazikwa."

"Inna lillahi." Bi Mize akakaa. "Uzi wangu na mdogo wangu uliupima kwa kipimo gani, mwanangu?"

"Waliotunga sheria waliniuliza nyuzi zipi watu wanazihitaji. Swali hilo hata miaka elfu mashine haimalizi. Nikajibu lililo jepesi: chache zipi zinatosha kumfikia kila mtu."

Bi Mize akaifunika sahani kwa kawa, polepole.

"Basi niambie, Dokta. Sahani hii niipitishe kwa nani?"