Kidole cha Fundi

Samaki besi hang'ati mnyoo wa plastiki kwa fujo. Huuonja tu kama mpishi anayeonja chumvi, na mvuvi humsikia kwa kidole alichoegesha kwenye uzi. Ndiyo maana shemeji alimleta Placide bwawani: fundi cherehani wa mtaa wa Bellevue, kidole chake ndicho kinacholisha watoto.

"Shemeji, mgeni anapiga hodi tangu kitambo. Mwenye nyumba alikufa?" shemeji akamwuliza, akionyesha uzi.

Placide akatazama. Uzi ulikuwa unatembea kando, umekaza juu ya kidole chake. Hakusikia kitu.

Juzi sindano ilipomwingia kidoleni bila yeye kujua, alisingizia baridi ya Joburg. Leo jua linawaka.

Akavuta uzi, samaki ameshaponyoka, akachomoa ndoana tumboni mwa mnyoo, akaikandamiza kidoleni. Damu ikatoka.

"Eish, shemeji, sasa chambo ni wewe?"

Placide akakandamiza zaidi, akingoja iume.