Namba Chini ya Picha

"Mia mbili na kumi na nane!" Alexander Kimeli alipiga meza hadi chai ikamwagika. "Mama Chemutai, hebu fungua na simu yako uone. Usisimame tu hapo."

Rebeccah alifuta mikono kwa kanga, akafungua simu. Chini ya picha ya mumewe, mwenye tai nyekundu na tabasamu la mtu aliyeshiba, palisomeka 219.

"Umeona? Hata sijameza mate, mwingine ashanipigia."

"Hiyo namba ni ya nini hasa, Baba Chemutai? Ulikaa kwa mkutano mpaka Phelix akamaliza?"

"Nilisikia yenye ilikuwa na maana."

Alikuwa amesikia nusu. Phelix Ooko, karani wa kompyuta wa kiwanda, alikuja kwenye kituo chao cha majani chai karibu na Kiptere kuwaeleza wakulima uchaguzi wa mwenyekiti ungeendaje. Kwa siku tatu kila mkulima angepiga kura kwa simu, na matokeo yangetangazwa Jumamosi saa sita. Kila mgombea alipewa ukurasa wake wa kujieleza.

"Ukurasa haujakaa pahali umeandikwa kama kalenda ya ukuta," Phelix alisema. "Ukifungua, seva inapitisha ombi lako kwa programu ndogo iko huko nyuma. Hiyo ndiyo inaandika ukurasa mpya saa hiyo hiyo, na namba ya saa hiyo."

Hapo simu ya Alexander ikalia, akatoka nje kuongea kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kama kawaida yake. Aliporudi mkutano ulikuwa umevunjika. Kuuliza hakuuliza. Mtu aliyekuwa mwenyekiti miaka tisa amuulize karani kitu gani?

Katika miaka hiyo tisa alifanya jambo moja kwa bidii: alihakikisha majani yake yanapimwa kwanza. Wengine wachume tangu alfajiri, wapange foleni na magunia yao, mwenyekiti akifika saa kumi anapita mbele. Lori la kiwanda likijaa, majani ya walio nyuma yalilala kituoni, kesho yake yakawa mekundu, yakatupwa. Hayo hakuyaandika kwenye ukurasa wake. Aliandika aya saba za mafanikio, na zote alizitunga mwenyewe.

Safari hii alikuwa na wasiwasi kidogo, maana Phyllis Chepkorir, mjane wa ng'ambo ya mto, alikuwa amejitokeza kugombea. Kwa hiyo aliandaa ahadi ya lori la pili. Siku ya kwanza alivaa buti ili aende nyumba kwa nyumba kuitoa. Kisha akachungulia simu. Akachungulia tena. Kila akichungulia namba ilikuwa imepanda. Akavua buti, akaketi, na ahadi akairudisha mfukoni.

Siku ya pili jioni, jirani yake Weldon alisimama langoni na gunia tupu begani.

"Mwenyekiti, majani yetu iliachwa tena jana. Lori moja haitoshi. Ukisema tu neno moja kwa kiwanda, sisi tuko na wewe."

Alexander hakuinua macho. "Mia tatu na mbili. Weldon, hiyo kura yako unaweza kukaa nayo. Mimi nimeshajaa."

Weldon alilikunja gunia lake, akaondoka bila kuaga. Mtu mwenye akili angelitazama gunia lile mara mbili. Huyu alikuwa akitazama simu.

Ukurasa wa Phyllis pia aliutazama, apate kucheka. Haukuwa na picha, ulikuwa na maneno manne tu: Lori mbili, foleni moja. Chini yake, 4. Baada ya kula alichungulia tena: 5.

"Maskini," alisema kwa furaha isiyofichika. "Wanampigia kwa huruma."

"Na wewe hutembelei watu?" Rebeccah aliuliza.

"Watu wote wako hapa ndani," akajibu, akigongagonga kioo cha simu. Siku ya tatu ilipoisha, Phyllis alikuwa na 11.

Jumamosi asubuhi Alexander alichinjisha dume la ng'ombe. Akamwagiza Rebeccah abebe kibuyu cha mursik, maziwa ya mshindi, amnyweshe mbele ya watu Phelix akishatangaza.

Saa sita Phelix alisimama kando ya mizani, karatasi mkononi. "Phyllis Chepkorir, kura mia nne sitini na saba. Alexander Kimeli, kura thelathini na nane."

Wanawake walipiga vigelegele. Alexander alipasua umati kwa viwiko, akawaruka watu kwenye foleni kwa mara ya mwisho, akamsukumia Phelix simu usoni.

"Wezi nyinyi! Mia nne kumi na tatu! Hii ni nini? Si ni wewe uliandika hii kitu?"

Phelix aliitazama ile namba. Akafungua laptop yake juu ya mizani, akasoma kwa muda, akasoma tena kana kwamba anamwonea aibu. Rebeccah, kibuyu mkononi, alikuwa ameshamfikia Phyllis.

"Mzee, hiyo inahesabu huo ukurasa wako umefunguliwa mara ngapi," Phelix alisema polepole. "Mia nne kumi na mbili ni simu yako. Moja ni ya Mama Chemutai."