Springi za Marehemu Badr

"Nibakishe upande mmoja ulie," Ami Murshid alisema kutoka uvunguni mwa gari. "Babako alizipenda springi hizi hivyo hivyo."

"Zinyamazishe zote, ami," Mahfoudh akajibu. "Sitaki kusikia hata mkwaruzo."

Murshid alikuwa rafiki wa marehemu Badr, babake Mahfoudh, na gereji yake ya Wadi Kabir, hapa Maskati, ilikuwapo tangu pikapu hii ikiwa mpya. Alizifungua springi za nyuma, akavitenganisha vile vyuma vilivyolaliana, akavikwangua kutu kwa brashi ya waya. Akavipaka grisi, akaweka plastiki katikati ili chuma kisisuguane na chuma. Jumamosi asubuhi nzima ilikwenda hivyo, na Mahfoudh muda wote kakaa juu ya tairi kuukuu anajiona mwizi.

Na kweli alikuwa mwizi. Miezi miwili nyuma gari yake mwenyewe ilikufa injini, akaenda Ghubra kwa mamake kuazima pikapu ya babake, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Bi Shaikha akampa ufunguo kwa mkono wake. Alasiri ya siku ile, Mahfoudh akitoka ofisini kuja kumshukuru, alipanda tuta la mbele ya nyumba na springi zikapiga ukelele ule ule wa miaka thelathini. Mama akatoka mlangoni, kajitanda kanga mpya, uso umemchangamka.

"Bwana, umerudi? Njoo ukae, kahawa tayari."

Mahfoudh alitaka kusema, ni mie, mama.

"Nimerudi," alisema.

Wanawake wa rika la Bi Shaikha hawamtaji mume kwa jina, kwa hiyo hata jina la kukanusha halikuwapo. Ilikuwa Bwana tu, kila alasiri, na Mahfoudh akiitika. Alikaa mkekani, akala halwa, akasikiliza ya Unguja: harusi yao, ugomvi wao wa kwanza, siku walipofika Maskati na sanduku moja la nguo. Mambo ambayo mtoto hasimuliwi. Alicheka pale ambapo babake angecheka, kisha akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mkewe mwenyewe hakuthubutu kumwambia.

Siku moja mama alishusha kikombe, akasema, "Yule mwanetu Mahfoudh kazi imemmeza. Nnatamani nimwone nishibe, lakini simwambii. Asije akaona nnamsumbua."

"Atakuja," Mahfoudh alisema. Hakuweza kuinua macho.

Nabukeera, binti wa Kiganda anayemtunza mama, alimfuata hadi getini jioni ile.

"Bosi, hii mimi siielewi. Mama anakumbuka dawa zake zote, mpaka tarehe ya likizo yangu. Ni wewe tu anakuchanganya na mzee."

"Maradhi ya uzee huchagua," Mahfoudh alimjibu kwa ukali asioutaka. Kumpeleka mama kwa daktari aliogopa. Daktari angeuliza: na wewe ulimjibu nini?

Usingizi ulimpaa. Alikuwa anamwibia nafasi yake babake aliye kaburini, na anamcheza shere mwanamke aliyemzaa. Mwisho aliamua. Mlio ukikoma, mama hatadhani mumewe karudi; atamwona mwanawe. Alijua vilevile kwamba siku hiyo hadithi zitakwisha, na kahawa ile, na uso ule wa mlangoni. Hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kukaa na mamake hivyo.

Ami Murshid alimkabidhi ufunguo, akatikisa kichwa.

Gari ilipita tuta kimya. Hakuna aliyetoka mlangoni. Mahfoudh alivua viatu, akaingia, akamkuta Bi Shaikha mkekani na birika la kahawa pembeni. Hakumpa nafasi ya kumwita lolote. Alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu.

"Mama, ni mie. Ni Mahfoudh. Baba amekufa, mama, na mie nimekuwa nikikaa mahali pake siku zote hizi. Nimekudanganya. Nisamehe."

Bi Shaikha alimimina kahawa, akakisogeza kikombe karibu na mkono wa mwanawe.

"Nnajua ni wewe. Tangu siku ya kwanza nnajua," alisema. "Mwanangu akija hukaa dakika tano, gari inanguruma nje. Nikakwita Bwana, ukakaa mpaka magharibi."